Upepo wa tairi: namba ya lami haifiki Ndutu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo cha mafuta kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda Kisongo. Land Cruiser ya utalii imesimama, keria imejaa mahema na madumu, wageni sita ndani. Dereva anashusha kioo: "Weka arobaini kote, mdogo wangu." Kijana anaweka arobaini kote, yaani PSI 40, PSI ikiwa kipimo cha upepo wa tairi. Siku moja nilimuuliza dereva wa namna hiyo kwa nini arobaini. "Ndiyo tunayoweka siku zote, mwalimu."

Nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa mjini, na jibu hilo nimelisikia hata kwa vijana wangu mwenyewe darasani. Arobaini si namba mbaya. Ubaya wake ni kwamba haijaulizwa chochote: gari limebeba nini, linapita wapi, litakwenda mwendo gani. Mambo hayo matatu yakibadilika, upepo nao unabadilika, na kwa safari ya kutoka Arusha hadi Serengeti yanabadilika kabla ya chakula cha mchana.

Namba ya kuanzia iko kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usiichanganye na ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi; ile ni kikomo cha tairi lenyewe, haijui umelifunga kwenye gari gani. Kibandiko kinasema upepo wa tairi lililopoa, yaani gari limelala usiku kucha au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Nyuma mara nyingi panataka upepo zaidi kwa sababu mzigo unakaa huko. Geji nyingine zinasoma kwa bar. Bar 1 ni PSI 14.5, kwa hiyo PSI 36 ni kama bar 2.5.

Ila magari mengi ya utalii hapa kwetu yamekatwa na kurefushwa, yakaongezwa viti, yakafungwa tairi za saizi nyingine. Hapo kibandiko kimeshapitwa na gari lake. Utajuaje namba yako? Liulize tairi. Pima asubuhi likiwa limepoa, kisha nenda lami kwa mwendo wako wa kawaida kama saa moja. Ukitoka Arusha utakuwa maeneo ya Makuyuni. Simama, pima tena kabla halijapoa. Kwa gari zito la aina hii, upepo ukipanda PSI 6 hivi, uko pazuri. Ukipanda 9 au 10, tairi lilikuwa na upepo mdogo kuliko mzigo wake: ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unazalisha joto, na joto ndilo linaloachanisha matabaka ya tairi. Ukipanda 2 tu, umejaza kupita kiasi. Ni kanuni ya madereva, si sheria ya maabara, lakini inamshinda mtu anayepiga tairi teke na kusema "liko poa."

Marekebisho ya namba hiyo yafanye asubuhi inayofuata. Nasisitiza kwa sababu nilishakosea mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma, mchana wa jua kali, nilipima tairi la moto nikakuta 42 wakati asubuhi niliweka 36. Nikaona limezidi, nikatoa upepo hadi 36, nikajisifu. Kesho yake alfajiri, Karatu, baridi inauma, geji ikasoma 30. Gari zima lilikuwa na mzigo wa safari juu ya tairi zilizolegea, na aliyezilegeza ni mwalimu.

Ukishaiacha lami, hesabu inageuka. Barabara ya changarawe kuelekea Naabi, lango la Serengeti, ina vijituta mfululizo kama bati la migongo, na tairi gumu linavipiga kimoja kimoja mpaka shokamzoba na meno ya abiria yanajua. Punguza kama robo: aliyekuwa na 36 ashuke 27 au 28. Tairi linarefuka pale linapokanyaga, linashika zaidi, na jiwe linaloingia linamezwa badala ya kutoboa. Bonyeza mwiba kwenye puto lililojaa, halafu kwenye lililolegea, utaelewa. Mwendo nao ushuke. Ndani ya Serengeti kikomo ni kilomita 50 kwa saa hata hivyo.

Njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron ni kesi nyingine. Mawe ya volkano yale ni makali, na tairi lililolegea sana linatanua ubavu wake nje kuyapokea. Kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga chini, zikichanika kidogo utazibiwa pancha. Ubavu ukichanika, tairi limekufa. Pale mimi sishuki sana, napunguza mwendo badala yake.

Kwenye mchanga au majivu laini, shuka hadi 18, ukikwama kabisa 16. Chini ya 15 ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukiwa na 18 usizidi kilomita 30 kwa saa. Tope jeusi la Ndutu, kusini mwa Serengeti, wakati wa mvua halina jibu moja: likiwa na kina, tairi pana lililolegea huelea, likiwa jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi lenye upepo wake hukata mpaka chini na kushika. Shuka, chomeka fimbo, ujue kina chake kwanza.

Wenye tairi za tyubu, kama zile 7.50 za rimu ya 16, wasishuke sana. Tairi huteleza juu ya rimu, tyubu inavutwa, vali inang'oka. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi; mstari ukikatika, tairi limehama.

Wanafunzi huniuliza kuhusu mwinuko. Kutoka Arusha, mita 1,400 hivi, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, geji itaongeza PSI 1 na kitu kwa sababu hewa ya nje imepungua nguvu. Lakini baridi ya kule juu inapunguza karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo usihangaike nayo.

Cha kuhangaikia ni kurudi. Dereva anayeshusha upepo bila kuwa na kompresa garini amejikopesha, na deni atalilipa lami ya Karatu kwa mwendo wa 80 na tairi za 20. Kompresa ndogo ya betri itakuchukua nusu saa kwa tairi nne. Wageni wapewe chai. Na spea ijazwe namba ya juu kabisa unayotumia kwenye safari hiyo: porini ni rahisi kutoa upepo kuliko kuutafuta.