"Hotel California" si wimbo wa shetani

Kwenye magrupu ya simu hapa Tanga, ya familia hadi ya kwaya, kuna ujumbe unaorudi kila mara: eti "Hotel California", wimbo wa bendi ya Kimarekani ya Eagles, ni wa kumwabudu shetani, na ukiupiga kinyumenyume utamsikia akisifiwa.

Si kweli. Wimbo huo umo katika albamu iliyotoka Desemba 1976, na watunzi wake wameeleza mara nyingi kwamba unahusu anasa na umaarufu wa Los Angeles. Jengo la kwenye jalada, ambalo watu huambiwa ni kanisa la shetani, ni hoteli ya Beverly Hills.

Kuhakiki ni rahisi. Geuza wimbo kwa programu ya kuhariri sauti, umpigie jirani asiyejua habari hizi, kisha umuulize amesikia nini. Mara nyingi atasikia kelele tu zisizoeleweka. Ukimwandikia kwanza hayo maneno "yaliyofichwa", ghafla anayasikia, kwa sababu ubongo hutafuta maana hata kwenye kelele, na hushika kile ulichoelekezwa. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, tena kwa nia njema ya kulinda watoto wao.

Kinachoufanya wimbo huu upendwe hadi leo, hata kwenye spika ya kinyozi Ngamiani, ni yale magitaa mawili yanayojibizana takriban dakika mbili za mwisho. Kwangu, huo ni uzuri mtupu.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia, kwa upole na pembeni, ausikilize kwanza wimbo wenyewe.