Kutokomeza na kudhibiti ni maneno mawili tofauti

Baada ya mavuno yaliyopita, katika mkutano wa kijiji kimoja huku Newala, bwana shamba alisimama na kututangazia kwamba panya wametokomezwa. Sumu ilikuwa imegawiwa kwa majuma mawili, maghala yalikuwa yametulia, na sote tukapiga makofi. Siku chache baadaye nikamsikia mtangazaji wa redio akieleza mpango wa Nyuzilandi wa kuwaondoa wanyama walao nyama walioletwa nchini humo kutoka nje, naye akatumia neno lilelile, kisha katika sentensi iliyofuata akaliita zoezi hilo hilo udhibiti. Kwa kuwa makosa haya mawili nimeyasikia mara nyingi mno, naona ni vema kuyaandikia.

Katika uhifadhi, kutokomeza ni kumwondoa kila mnyama wa jamii fulani ndani ya eneo ambalo mpaka wake umetajwa, hadi asisalie hata mmoja wa kuzaa, na kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayeingia. Kudhibiti ni kuipunguza idadi yake na kuizuia isivuke kiwango ambacho madhara yake yanavumilika. Maana zenyewe ni hizo, wala hazina ugumu. Ugumu uko katika mazoea yetu ya kudhani kwamba la kwanza ni la pili lililotiwa nguvu zaidi.

Tulitazame neno lenyewe. Tokomeza limetokana na tokomea, kama vile poteza lilivyotokana na potea, na eneza likatokana na enea. Mtu aliyetokomea si yule aliyesogea mbali kidogo, bali ni yule ambaye ukimwulizia nyumbani kwao hakuna anayeweza kukuonyesha hata njia aliyoishika. Twasema mwizi ametokomea gizani, au kijana alikwenda mjini akatokomea huko, na kila anayesikia anaelewa kwamba hakuna alama iliyobaki. Sijapata kumsikia mzee yeyote akisema kwamba fulani ametokomea nusu. Ukamilifu umo ndani ya neno, na ndiyo sababu huumia ninaposoma katika taarifa za ofisi kwamba jambo fulani «litatokomezwa kabisa». Hilo «kabisa» limeongezwa kwa sababu neno limechoshwa kwa matumizi, sasa linahitaji mkongojo wa kulisimamisha.

Dhibiti lina asili nyingine. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kushika kitu barabara kisiponyoke, na ndugu yake wa karibu ni madhubuti. (Wengi hulichanganya na thabiti na thibitisha, ambayo ni maneno ya mzizi mwingine, yanafanana kwa sauti tu masikioni mwetu.) Kwa hiyo anayedhibiti ni mtu aliyefumba mkono. Kilichoshikwa kingali hai ndani ya kiganja, na siku vidole vitakapolegea, kitatoka. Hakuna aibu yoyote katika kazi hiyo. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi anaifanya kila mwaka: mikorosho ikianza kuchanua anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, na msimu unaofuata anapuliza tena, kwa kuwa ugonjwa haukuondoka, ulizuiwa tu usile maua. Akiacha msimu mmoja, mavuno yatamwambia. Huo ni udhibiti wa kweli, unaolisha familia na kusomesha watoto, na sijawahi kumsikia mkulima huyo akidai kwamba ameutokomeza ubwiriunga. Anaujua ukweli wa shamba lake kuliko wanaomwandikia taarifa.

Nadhani neno kutokomeza limelegezwa na majina ya kampeni. Watu wa Liwale, walio jirani na pori la akiba la Selous, wanaikumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyolenga ujangili na ikasitishwa mwezi uliofuata baada ya malalamiko mazito ya wananchi, huku ujangili ukiendelea. Jina la operesheni linaweza kubeba nia badala ya matokeo, na hilo naweza kulielewa. Taabu huanza pale nia inapohamishiwa katika ripoti na kuandikwa kama jambo lililokwisha kutendeka. Tukitaka mfano wa kutokomeza kulikotimia tunao wa karibu sana: sotoka, iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe wa Afrika nzima, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Leo hakuna mfugaji anayechanja ng'ombe dhidi ya sotoka, na hiyo ndiyo alama ya neno hili kwamba kazi huwa na siku ya mwisho.

Sasa tuirudie Nyuzilandi, maana ndiko neno linakotumika kwa uzito wake. Mwaka 2016 serikali ya Waziri Mkuu John Key ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2050 nchi nzima isiwe na panya wa kigeni, wala wanyama wa jamii ya vicheche walioletwa kutoka Ulaya, wala posamu, mnyama mwenye mfuko wa kulelea mtoto aliyeletwa kutoka Australia kwa ajili ya biashara ya manyoya. Visiwa vile havikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo, hivyo ndege wake walizoea kutaga chini, na baadhi yao hawakuwa na haja ya kuruka. Kakapo, kasuku mzito asiyeruka, alikuwa amebaki takriban 50 tu katikati ya miaka ya 1990. Amevuka 200 kwa kulelewa katika visiwa vilivyosafishwa. Jambo linalonisikitisha ni kwamba wale vicheche waliletwa kwa makusudi katika miaka ya 1880 ili wawapunguze sungura. Udhibiti wa mnyama mmoja ndio uliozaa adui anayetakiwa kutokomezwa leo.

Anayeongoza mpango wa namna hiyo hawezi kuupima kwa hesabu ya waliouawa, ambayo ndiyo hesabu sisi huipenda, kwa kuwa mikia ya panya inahesabika na kupigwa picha. Analazimika kuuliza ni wangapi waliobaki, na jibu moja tu ndilo linalokubalika. Wataalamu wa kazi hiyo hutaja masharti ambayo likikosekana moja, kutokomeza hakuwezekani: wanyama waondolewe kwa kasi inayozidi kasi ya kuzaliana kwao hata wanapokuwa wamebaki wachache na wajanja, kila mmoja wao awe anafikiwa na mtego au sumu, na pasiwe na mlango wa kuingilia wengine. Ndiyo maana kazi ilianzia katika visiwa vidogo, ambako bahari ni ukuta. Kisiwa cha Campbell cha Nyuzilandi, chenye zaidi ya hekta 11,000, kilimwagiwa sumu kwa helikopta mwaka 2001, lakini hakikutangazwa kuwa hakina panya hadi mwaka 2003, baada ya watu na mbwa waliofunzwa kukitafuta kisiwa chote wasione hata kinyesi. Miaka miwili ya kunyamaza kabla ya kutamka neno moja! Katika bahari yetu wenyewe, panya waliondolewa wote katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mwaka 1997. Linganisha na kunguru wa India, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi miji ya pwani ya bara: kampeni za miaka ya 1990 ziliwapunguza mno, kisha mkono ukalegea, nao wakajaa tena. Mpango uliowaua tisini na tisa katika kila mia umedhibiti. Yule mmoja aliyebaki, akiwa na mwenzake, ataurudisha ukoo wote.

Liko pia neno mgeni, ambalo nalo linaonewa. Katika lugha yetu mgeni anaheshimiwa, nasi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkorosho ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili, nao muhogo ulitoka Amerika. Asiwepo wa kutuambia kwamba hiyo itokomezwe. Kinachomfanya kiumbe mgeni awe mvamizi ni madhara yake kwa wenyeji, wala si asili yake peke yake. Na kinyume chake ni kweli: panya shamba, anayefyeka mahindi yetu miaka ya mlipuko, ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani, kama walivyo wengi wa panya wale tunaowaita huku samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, na kuwala. Jike mmoja wa panya shamba huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na shamba la Newala halina bahari ya kulizunguka. Ukiwamaliza waliomo, wa jirani watahamia. Panya huyo hana sharti hata moja la kutokomezwa, na kwa kuwa bundi, nyoka na vicheche wetu wa asili wanamtegemea, hatupaswi kulitamani hilo.

Bwana shamba wetu ni mtu mwema, anayezunguka vijiji vyote kwa pikipiki yake mwenyewe, na sumu aliyoigawa iliokoa magunia mengi. Nilimfuata baada ya mkutano, nikamsalimu, nikamwomba taarifa yake ya wilaya aiandike hivi: «Panya wamepungua sana katika maghala ya kijiji, tutatega tena kabla ya mavuno yajayo, na wakulima waanze sasa kufyeka nyasi zilizo kando ya maghala.» Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama wakubwa wake hawataona ni mafanikio madogo. Nikamjibu kwamba sentensi hiyo inampa sababu ya kuomba sumu ya mwaka ujao, ilhali ile ya kwanza ilikuwa imemnyima.