Je, wajua kati ya Kiarmenia na Kitagalogi, lugha ya visiwa vya Ufilipino, ni kipi ndugu wa Kihispania?

Muulize mtu yeyote swali hili na atasema Kitagalogi kabla hujamaliza kuuliza. Sababu anazo. Mfilipino anakalia silya, chakula chake kiko juu ya mesa, anachota kwa kutsara, na upepo unaingia kwa bintana. Yote hayo ni Kihispania kilichobadilishwa tahajia. Hata salamu yenyewe, kumusta, imetokana na cómo está. Hispania ilivitawala visiwa hivyo tangu 1565 hadi 1898, na miaka hiyo haikupita bure. Kiarmenia kwa upande wake kina alfabeti yake tangu mwanzoni mwa karne ya 5, na Mhispania akikisikia kikizungumzwa haambulii kitu.

Jibu ni Kiarmenia. Kitagalogi hakina udugu wowote na Kihispania unaoweza kuthibitishwa. Wafanyabiashara Waarmenia waliokuwa wakitia nanga Manila katika karne ya 17 na ya 18 walikuwa, kwa nasaba ya lugha, karibu zaidi na gavana wa Kihispania kuliko wenyeji waliokuwa wakisema mesa na silya.

Kosa linaanza pale tunapohesabu maneno yanayofanana. Kitagalogi kilichukua visita ya Kihispania, kikaifanya bisita, kisha kikaipasua na kuchomeka -um- baada ya konsonanti ya kwanza: bumisita, yaani alitembelea. Hakuna Mhispania anayeunda kitenzi namna hiyo. Lakini ndivyo Kitagalogi kinavyofanya na maneno yake ya asili: kain ni kula, kumain ni alikula. Sisi tunaijua hali hii bila kufundishwa. Safiri ni neno la Kiarabu, ila "tutakaposafiri" ni Kibantu kitupu ukiondoa mzizi wake. Na bado wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakachuliwa.

Usitegemee namba pia. Kwa Mfilipino mbili ni dalawa, lakini saa nane mchana ni alas dos. Kiswahili nacho sita, saba na tisa kilizitoa Uarabuni huku nne, tano na nane zikibaki za nyumbani.

Wataalamu wenyewe walipotea njia hiyo hiyo, safari hii kwa Kiarmenia. Ukoo wa kifalme wa Waparthi, watu wa jamii ya Kiajemi, ulitawala Armenia hadi mwaka 428, na maneno yao yakajaa hadi kwenye mambo ya kila siku: azat (huru) ni āzād ya Kiajemi, hazar (elfu) ni hazār. Karne ya 19 wengi wakakiweka Kiarmenia katika kundi la lugha za Kiajemi. Mwaka 1875 Mjerumani Heinrich Hübschmann akakitoa humo.

Alikitoaje? Chukua taipureta kuukuu ambayo kitufe cha p kimeharibika. Ukikigonga kinachapa h. Karani hana habari, anaendelea na kazi. "Pesa" inatoka "hesa", "paka" inatoka "haka", "pole" inatoka "hole". Ukiokota neno moja kama hilo utasema karani ameteleza. Ukiokota kurasa kumi, na kila palipostahili p pana h, utajua ni mashine, na utaweza hata kurudisha maandishi yalivyokusudiwa. Sasa tuseme katikati ya kurasa hizo unakuta "pazia" limeandikwa sawasawa. Neno hilo halikupita kwenye mashine ile. Limebandikwa baadaye.

Kiarmenia ndiyo mashine hiyo. Baba ni padre kwa Kihispania na pedar kwa Kiajemi. Kwa Kiarmenia ni hayr. Mguu kwa Kihispania ni pie. Alama ya unyayo kwa Kiarmenia ni het. Kitufe cha d nacho kina kasoro yake, kinachapa t: diez (kumi) ni tas, dar (kutoa) ni tal. Halafu linatokea partez, bustani, na p yake ni nzima kabisa. Hilo limebandikwa, limetoka kwa Waajemi, na asili yake ndiyo iliyotupatia sisi Firdausi kwa kupitia Kiarabu. Hübschmann aliipitia lugha hivyo, akayatenga yaliyoazimwa, na yaliyobaki hayakufuata kanuni za Kiajemi. Kiarmenia ni tawi linalojitegemea katika familia ya Kihindi-Kiulaya, ambamo Kihispania na Kiajemi navyo vimo, kama Kigiriki kilivyo tawi lake.

Kioja kikubwa kuliko vyote ni namba mbili: erku. Hiyo na dos ya Kihispania zimetoka shina moja. Mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet alisema dw- ya kale ikiingia Kiarmenia hutoka erk-, na alikuwa na mifano mingine, kama erkar, refu. Mifano yenyewe ni michache mno, ndiyo maana wataalamu wanaendelea kubishana r hiyo ilitoka wapi. Wapo wanaosema imeambukizwa na jirani yake erek, tatu. Udugu wenyewe na dos hauna ubishi mkubwa.

Ndugu wa Kitagalogi tunao jirani. Ni Kimalagasi, lugha ya Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska. Huko taipureta ni nyingine na p inatoka f: apat (nne) ni efatra, pito (saba) ni fito, apoy (moto) ni afo, puti (nyeupe) ni fotsy.

Na Kimalei, ndugu yao mwingine, mbili ni dua. Ukiiweka karibu na duo ya Kilatini utaapa ni pacha. Franz Bopp, mmoja wa waasisi wa fani hii ya kulinganisha lugha, mwaka 1841 alichapisha hoja kwamba lugha za jamii ya Kimalei zina undugu na zile za Kihindi-Kiulaya. Hoja hiyo ilikataliwa. Dua na duo zimefanana kwa bahati tu: ndugu halisi wa dua ni duha ya Kisebuano (lugha nyingine ya Ufilipino), dalawa ya Kitagalogi, na roa ya Kimalagasi.