Tyranitar na mchanga wake

Wachezaji wapya wakiniletea timu zao za Pokémon nizikague, mara nyingi namkuta Tyranitar humo. Nikiuliza kwa nini wamemchagua, jibu ni moja: ana deraa, yaani vazi la kumkinga vitani. Wamemwona alivyo, magamba ya kijani yaliyo mazito kama mawe, miiba mgongoni, mkia wa kuvunja nyumba, wakaamua kwamba huyu ni ukuta. Basi wanamtanguliza mbele ya kila adui, na zamu ya pili yuko chini. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika mchezo huu, na inaniuma kuona anapotezwa hivyo. Kwa hiyo leo nataka kueleza kwa kirefu nguvu zake ziko wapi hasa.

Tyranitar alikuja na michezo ya Gold na Silver, iliyotoka Japani tarehe 21 Novemba 1999. Michezo hiyo miwili ilitoka siku moja, lakini Pokédex, kamusi ya viumbe iliyo ndani ya mchezo, ya kila mmoja ilimweleza kwa namna yake. Ya Gold inasema mwili wake haudhuriki kwa shambulio la aina yoyote, ndiyo maana anapenda kuwachokoza maadui. Ya Silver inasema ana nguvu za kubadilisha sura ya nchi, na hajali wengine. Watu wengi wamekariri maelezo ya Gold. Kwangu mimi, baada ya miaka mingi ya kucheza na kufundisha, ya Silver ndiyo inayoendana na yanayotokea uwanjani.

Tuanze na hilo deraa. Tyranitar ni wa aina mbili, Mwamba na Giza, na mchanganyiko huo unampa udhaifu wa aina saba: Maji, Majani, Ardhi, Mdudu, Chuma, Fairy na Mapigano. Sita za kwanza zinamuumiza maradufu. Mapigano yanamuumiza mara nne, kwa sababu Mwamba unayaogopa na Giza nalo linayaogopa. Pigo dogo kama Mach Punch, lenye nguvu 40 tu, likitoka kwa Pokémon wa aina ya Mapigano linazidishwa kwa 1.5 kwa kuwa ni la aina yake, kisha kwa 4. Hapo limefika 240, na isitoshe linatangulia mapigo ya kawaida hata kama anayelipiga ni mzito wa miguu.

Kuna jambo jingine linalofichwa na umbo lake. Pigo la Low Kick hupimwa kwa uzito wa anayepigwa: akiwa na kilo 100 hadi chini kidogo ya 200, nguvu yake ni 100, akifika kilo 200 au zaidi, ni 120. Tyranitar ana kilo 202. Kilo mbili tu zimemwingiza kwenye kundi la wanaoumia zaidi, na pigo lenyewe ni la Mapigano. Ninapomwandaa mtu kwa pambano, hili ndilo la kwanza kumkumbusha: ukiona upande wa pili kuna mwenye Low Kick au Close Combat, pigo jingine la Mapigano, mwondoe Tyranitar au mpe tunda la Chople, linalopunguza pigo moja la Mapigano kwa nusu.

Alama zake za msingi ni kubwa bila shaka. Mapigo ni ya namna mbili, ya mwili na maalumu, na kila namna ina alama zake za shambulizi na ulinzi; zisizotajwa "maalumu" ni za mwili. Jumla ni 600: uhai 100, shambulizi 134, ulinzi 110, shambulizi maalumu 95, ulinzi maalumu 100, na kasi 61. Ulinzi wa 110 ni mzuri, lakini si wa kusimama mbele ya kitu kinachozidishwa mara nne.

Sasa tuje kwenye mchanga.

Mwaka 2002, Ruby na Sapphire zilipoleta mfumo wa uwezo wa asili, Tyranitar alipewa Sand Stream. Akitia mguu uwanjani tu, dhoruba ya mchanga inaanza bila yeye kupoteza zamu. Kila mwisho wa zamu, yeyote asiye wa Mwamba, Ardhi au Chuma anapoteza sehemu 1 kati ya 16 ya uhai wake. Inaonekana ndogo, lakini mtu anayetegemea Leftovers kurudisha uhai anarudishiwa sehemu hiyohiyo 1 kati ya 16, kwa hiyo faida yake yote inaliwa. Na mwenye Focus Sash, kifaa kinachomwokoa na pigo la kumuua iwapo uhai wake haujapungua hata kidogo, akimaliza zamu moja kwenye mchanga kifaa hicho hakimsaidii tena.

Jambo kubwa zaidi lilikuja na Diamond na Pearl mwaka 2006. Tangu hapo, kila Pokémon wa aina ya Mwamba aliye kwenye dhoruba ya mchanga huongezewa nusu ya ulinzi wake maalumu. Tufanye hesabu katika kiwango cha 50, ambacho mashindano rasmi hutumia. Tyranitar asiyeongezewa mafunzo yoyote ya ulinzi maalumu ana 120. Mchanga ukivuma ana 180. Mpe kifaa cha Assault Vest, inayozidisha tena kwa 1.5 lakini inamkataza mapigo yasiyoumiza, anafika 270.

Angalia maana yake. Pigo maalumu la Maji, kama Surf, linapaswa kumuumiza mara 2. Gawanya kwa 1.5 ya mchanga, linabaki 1.33. Gawanya tena kwa 1.5 ya Assault Vest, linashuka chini ya 0.9. Yaani pigo analopaswa kuliogopa linamfikia likiwa dogo kuliko pigo la kawaida. Hata Focus Blast, pigo maalumu la Mapigano la mara nne, linashuka hadi 1.78 au karibu na hapo. Huko ndiko deraa lake liliko, na linavuma hewani. Mchanga ukizimika, linakwenda nao. Wala haligusi mapigo ya mwili: Low Kick na Close Combat yanapita kama mchanga haupo. Ukiishika tofauti hiyo, umemwelewa nusu yake.

Mwaka huohuo wa 2006 ulimnufaisha kwa njia nyingine. Kabla ya hapo, pigo lilihesabiwa kuwa la mwili au maalumu kulingana na aina yake: ya Mwamba yote yalikuwa ya mwili, ya Giza yote yalikuwa maalumu. Crunch, pigo la kung'ata kwa meno, lilikuwa linatumia shambulizi maalumu la 95 badala ya 134. Kuanzia Diamond na Pearl kila pigo liliangaliwa peke yake, na Crunch likahamia upande wa mwili. Ndipo mapigo ya aina zake zote mbili yalipoanza kutoka kwenye alama yake kubwa kabisa.

Zama zilizofuata, za Black na White kuanzia 2010, wakongwe wanazikumbuka kwa vita vya hali ya hewa. Politoed aliweza kuleta mvua, Ninetales jua, Tyranitar mchanga, na wakati huo hali ya hewa iliyoletwa kwa uwezo wa asili haikuwa na mwisho hadi mwingine aibadilishe. Pokémon mwingine, Excadrill, akaingia na Sand Rush, uwezo unaozidisha kasi yake maradufu mchangani. Excadrill aliyefunzwa kasi kikamilifu, bila tabia inayoiongeza, ana 140 katika kiwango cha 50, na mchangani ni 280. Kwa kulinganisha, Garchomp mwenye mafunzo na tabia ya kasi ana 169. Jumuiya ya Smogon, inayojiwekea kanuni za mapambano ya mmoja kwa mmoja, ilimpiga Excadrill marufuku katika ngazi yake kuu ya wakati ule. Nadhani walifanya sawa, ingawa aliyekuwa anamfungulia mlango ni Tyranitar. Mwaka 2013, X na Y zikaiwekea hali ya hewa ya namna hiyo mpaka wa zamu 5, au 8 kwa mchanga ukimpa anayeuleta kifaa cha Smooth Rock.

Katika vita vya hali ya hewa, vya wakati ule na vya baadaye, kuna siri ambayo wanafunzi wangu huwa hawaamini hadi waione: uzito wake wa miguu ni faida. Wawili wenye kuleta hali ya hewa wakiingia kwa pamoja, mwenye kasi anatangulia kuleta yake, kisha mzito analeta yake juu ya ile ya kwanza, na ndiyo inayobaki. Kasi ya msingi ya Ninetales ni 100, ya Politoed 70, ya Pelipper, mleta mvua mwingine, 65. Tyranitar mwenye 61 anawashinda wote watatu kwa kuchelewa. Torkoal, mleta jua mwenye 20, ndiye anayemshinda. Kwa Pelipper nafasi ni finyu mno. Bila mafunzo ya kasi, kiwango cha 50, Tyranitar ana 81 na Pelipper 85. Mtu akimwongezea Tyranitar mafunzo kidogo ya kasi ili awapite wengine, bila kuangalia hili, mchanga wake unafutwa na mvua kabla pambano halijaanza.

Nasikitika kwamba kizazi cha sasa hakikuona alivyolitumia Pursuit. Lilikuwa pigo la Giza lenye nguvu 40, likifika 80 iwapo mpinzani anajaribu kumtoa Pokémon wake. Gengar au Alakazam, wanaoumizwa maradufu na Giza, akikutana na Tyranitar alikuwa hana njia: akikaa anang'atwa na Crunch, akikimbia anapigwa mgongoni. Pigo hilo liliondolewa katika Sword na Shield mwaka 2019, na kazi hiyo haikupata mrithi.

Katika Scarlet na Violet za 2022, swali ninaloulizwa zaidi ni kuhusu Tera, yaani kumbadilisha aina katikati ya pambano. Wengi wanataka kumpa Tera ya Flying, aina ya wanaoruka, ili ayapunguze Mapigano. Yanapungua kweli, kutoka mara nne hadi nusu. Lakini akishabadilika si wa Mwamba tena: ile nyongeza ya ulinzi maalumu inapotea papo hapo, 180 inarudi 120, na mchanga alioleta mwenyewe unaanza kumla sehemu 1 kati ya 16 kila zamu, kwa sababu Sand Stream haimkingi. Tera ya Chuma angalau inamwepusha na kuliwa na mchanga, ila Mapigano bado yanamuumiza maradufu na nyongeza inapotea vilevile. Ya Ghost, aina ya mizimu, inayafuta Mapigano kabisa, lakini gharama ya mchanga ni ileile ya Flying.

Kwa hiyo ninavyowashauri ni hivi. Kama timu yako ina Excadrill, mpe Tyranitar Smooth Rock, mwingize, alete mchanga, mtoe, na usimbadilishe aina; Tera mwachie Excadrill. Kama yuko peke yake, mpe Assault Vest na umfunze uhai kwanza, kisha shambulizi. Tera iweke akiba kwa zamu moja tu, ile ambayo Close Combat inakuja na huna mwingine wa kumwingiza.