Dhana Potofu Kuhusu Watu Wasiojulikana Waliogeuza Historia

Dhana: Stanislav Petrov aliiokoa dunia kwa kukataa kubonyeza kitufe cha makombora.

Ukweli: Hakuwa na kitufe. Usiku wa kuamkia 26 Septemba 1983, luteni kanali huyo wa Kisovieti alikuwa zamu katika kituo cha kijeshi cha Serpukhov-15, karibu na Moscow, akifuatilia taarifa za setilaiti. King'ora kikalia: Marekani imerusha kombora. Likafuata la pili, hadi yakawa 5. Kazi yake ilikuwa kuwaarifu wakubwa, nao ndio wangeamua kujibu au la. Akawaambia mitambo imekosea.

Kwangu mimi, kisa hiki cha kweli kinampa heshima kubwa zaidi. Petrov alitumia akili huku king'ora kikimlilia: anayeanzisha vita vya nyuklia harushi makombora matano tu, mfumo ulikuwa mgeni, na rada za ardhini hazikuona kitu. Baadaye ikabainika kuwa mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ndio ulioipotosha setilaiti. Tukumbuke pia wakati wenyewe. Wiki chache tu kabla, Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, wakafa watu 269. Taarifa ya shambulio ingewakuta viongozi wakiwa tayari wamejaa hofu. Yeye alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu, na kisa chenyewe kikabaki siri hadi miaka ya 1990.

Dhana: Gavrilo Princip alikwenda kununua sandwichi, akakutana kwa bahati na Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, akamuua, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza.

Ukweli: Hadithi ya sandwichi haina ushahidi. Tarehe 28 Juni 1914, Princip na wenzake walikuwa wamejipanga njiani mjini Sarajevo, Bosnia, ili kumuua, na mmoja alishamtupia Ferdinand bomu akamkosa. Kona aliyokata dereva wa Ferdinand kimakosa, ikamleta mbele ya Princip aliyempiga risasi, ndiyo iliyokuwa bahati. Ila vita vilitangazwa mwezi mzima baadaye, na waliovitangaza walikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Kumtwika kijana wa miaka 19 mzigo wote ni kuwasamehe wao.

Dhana: Rosa Parks ndiye mtu mweusi wa kwanza kukataa kumpisha mzungu kiti katika basi la mji wa Montgomery, Marekani.

Ukweli: Miezi 9 kabla yake, Machi 1955, Claudette Colvin mwenye miaka 15 alikataa, akakamatwa. Baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake waliofungua kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofuta ubaguzi ndani ya mabasi hayo mwaka 1956. Parks hakuwa mmoja wa walalamikaji.