Margaret Carpenter hakuchora kujipitishia muda

Kwa mara nyingine tena, na sasa uvumilivu umenishinda, nimeambiwa kwamba wanawake wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria walichora kujipitishia muda, kati ya kudarizi na kupiga kinanda, na kwamba wale wanaokumbukwa wanakumbukwa kwa hisani ya waume zao. Aliyenieleza hayo safari hii alikuwa amesimama mbele ya nakala ya picha ya mwanahisabati Ada Lovelace niliyoitundika katika karakana yangu. Aliusifu mng'ao wa gauni, akausifu mkao wa shingo, kisha akaniuliza ni bwana gani aliyeichora.

Aliyeichora ni Margaret Sarah Carpenter, mwaka 1836. Msomaji makini atasema kwamba Victoria alikuwa bado hajatawazwa, na atakuwa sahihi. Lakini Carpenter aliendelea kupeleka kazi zake maonyeshoni hadi 1866, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi iko ndani ya enzi hiyo.

Mwanzo wake naueleza kwa ufupi. Alizaliwa Salisbury mwaka 1793, binti wa Kapteni Alexander Geddes. Alijifunza kwa kunakili picha za wachoraji mabingwa wa kale katika kasri la Longford, nyumba ya ukoo wa Radnor, na Lord Folkestone wa ukoo huo ndiye aliyemsaidia kwenda London. Mwaka 1814 Society of Arts ilimpa nishani ya dhahabu. Mwaka 1817 aliolewa na William Hookham Carpenter, na wana wao wawili, William na Percy, walikuja kuwa wachoraji. William aliishi India kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1850 akichora kwa rangi za maji.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi. Mtu anayechora kujipitishia muda huchora anapojisikia, na turubai ikimshinda huigeuza ikatazama ukuta. Mchoraji wa sura anayelipwa hana uhuru huo. Mteja huja kwa vikao, hukaa saa nzima akisinzia au akilalamika, na mchoraji analazimika kuukamata uso kabla ya kuchoka kwake kuingia katika rangi. Baada ya hapo mikono, nguo na mandhari ya nyuma humaliziwa mteja akiwa hayupo. Katika London ya wakati ule bei ilifuata ukubwa wa turubai: kichwa na mabega vilikuwa na bei yake, nusu ya mwili bei yake, na mwili mzima ulikuwa ghali kuliko vyote. Picha ya Ada ni ya mwili mzima, na urefu wake unapita mita 2. Hakuna familia iliyokabidhi turubai ya ukubwa ule, pamoja na gharama yake, kwa mtu inayemhesabu kuwa anajiburudisha. Katika maonyesho ya Royal Academy, akademia ya kifalme ya sanaa ya London, peke yake, Carpenter alionyesha picha zaidi ya 140. Yeyote aliyewahi kuchora sura tatu kwa mwaka mmoja na kuziwasilisha kwa wakati anajua idadi hiyo inadai nini kwa mgongo na macho, hasa kwa mama mwenye watoto nyumbani.

Ada mwenyewe aliiandikia picha hiyo maneno ya utani, akilalamika kwamba Bibi Carpenter amekusudia kuonyesha upana wote wa taya lake, ambalo juu yake lingefaa kuandikwa neno Hisabati. Wengi hukitaja kisa hiki ili kumcheka Ada. Mimi hukitaja kwa sababu kinamshuhudia mchoraji. Kichwa kimegeuzwa upande, taya limepokea mwanga wote, na ingekuwa rahisi mno kulifunika kwa kivuli au kukigeuza kichwa kidogo ili mteja afurahi. Hakufanya hivyo. Kila mchoraji wa sura amewahi kusimama mbele ya pua au taya la namna hiyo akiwa na bili ya kodi mfukoni, na wengi wetu tumelainisha.

Kuhusu hisani ya mume, hapo ndipo hadithi inapogeuzwa kichwa chini miguu juu. William aliteuliwa kuwa mtunzaji wa chapa na michoro wa British Museum mwaka 1845, yaani miaka 28 baada ya ndoa, na kabla ya hapo alikuwa muuza vitabu. Katika miaka hiyo brashi ya mkewe ilikuwa nguzo kubwa ya nyumba. Hata hivyo, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kipato cha mwanamke aliyeolewa kilikuwa mali ya mumewe, isipokuwa pale ambapo mali ilikuwa imewekwa mapema mikononi mwa wadhamini. Sheria iliyomruhusu mke kumiliki ujira wake mwenyewe ilipitishwa mwaka 1870, na William alifariki mwaka 1866. Maana yake ni kwamba, kama hapakuwa na mpango wa wadhamini, kuanzia siku ya harusi hadi ujane, kila pauni aliyoichuma ilihesabiwa kisheria kuwa ya mumewe. Katika orodha za maonyesho pia aliandikwa kwa jina la mume, Mrs. W. Carpenter. Anayepekua kumbukumbu hizo bila kujua sheria ataona nyumba inayolishwa na mwanamume, kisha ataandika kwamba mke alikuwa akichora tu.

Hoja nyingine ninayoletewa ni kwamba angekuwa mtaalamu wa kweli, Royal Academy ingemfanya mwanachama. Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waanzilishi mwaka 1768. Baada yao hakuchaguliwa mwanamke yeyote hadi Annie Swynnerton alipopewa uanachama mshiriki mwaka 1922. Hata shule ya Akademia ilimpokea Laura Herford mwaka 1860 kwa sababu michoro aliyoipeleka ilikuwa na herufi za kwanza tu za jina lake. Ukuta ulipokea picha za Carpenter kwa takriban nusu karne, huku meza ya wanachama ikimfungia mlango.

Kuna jambo ambalo watetezi wake hulipitia haraka, nami sitalificha. Carpenter alimfuata Thomas Lawrence, mchoraji mashuhuri wa sura, kwa karibu sana, katika mng'ao wa nguo na katika wepesi wa brashi, na mbele ya picha isiyo na sahihi ningesita kuapa kwamba ni yake. Katika turubai zake kubwa wakati mwingine namsikia Lawrence kuliko ninavyomsikia yeye. Nikitazama sura ya rafiki yake, mchoraji Bonington, iliyoko National Portrait Gallery, au The Sisters ya mwaka 1839, ambamo amewachora binti zake wawili, shaka hiyo hupungua, kwa sababu pale anamtazama mtu anayemfahamu na haharakishi.

Mumewe alipofariki, Malkia Victoria alimpa Margaret pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Sehemu ya sababu iliyotajwa ilikuwa utumishi wa mume. Sehemu nyingine ilikuwa kazi yake mwenyewe kama mchoraji, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 73 hivi.