MP3 ya 320 hairudishi sauti iliyokwisha kutupwa

Juzi nimeletewa tena. Sauti ya muhadhara wa dakika 40, iliyotolewa kwenye video, katika faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde, megabaiti 96, pamoja na ujumbe: "Nimekutolea sauti kwa ubora wa juu kabisa, wewe isafishe tu." Nikalifungua kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti, ya chini hadi ya juu. Kuanzia kilohezi 16 hivi kwenda juu palikuwa peusi tii, mstari umenyooka kama uliokatwa kwa rula. Video yenyewe ilikuwa na sauti ya AAC (namna nyingine ya kubana sauti, kama MP3) ya kilobiti 128, ambayo kwa muda huo ni megabaiti 38 na ushei. Megabaiti 58 zilizoongezeka hazikuja na sauti yoyote mpya. Kikombe cha maji ukikimimina ndani ya pipa, bado ni kikombe kimoja.

Nimeshaeleza hili mara nyingi kwa mdomo, sasa naliandika. AAC, Opus na MP3 zote hubana sauti kwa kutupa: kodeki, yaani ile kanuni ya kubana na kufungua sauti, huamua sikio halitasikia nini, ikakiacha. Ukigeuza AAC kuwa MP3, programu hufungua kile kilichobaki kisha kodeki ya pili huanza kutupa upya kwa vigezo vyake. Uchafu ulioachwa na ya kwanza haiutambui kuwa ni uchafu, inauhifadhi kama sauti halali. Namba 320 inaiambia MP3 itumie nafasi kiasi gani, haiielekezi mahali pa kukipata kilichotupwa. Sikiliza herufi "s" na "sh", au makofi mwishoni mwa hotuba. Makofi yaliyobanwa mara kadhaa hayapigi tena pa, pa, pa. Yanachuruzika kama maji.

Na kinachoniudhi hasa ni kwamba hakukuwa na haja ya kugeuza chochote! MP4, WebM, MKV na FLV ni makasha tu. Ndani yake picha iko kivyake na sauti iko kivyake, na sauti unaweza kuichomoa kama ilivyo kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a

Hapo "-vn" inaacha picha, na "copy" inanakili sauti bila kuigusa. Angalia kwanza kodeki kwa ffprobe, mwenzake ffmpeg anayekuonyesha kilichomo ndani ya faili. AAC iweke kwenye .m4a, Opus kwenye .opus, Vorbis kwenye .ogg. Mafaili ya FLV ya enzi za Flash, programu ya kucheza video mtandaoni ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, mara nyingi yana MP3 tayari, kwa hiyo yatoe kama .mp3. Video iliyokuja vipande vipande vya .ts, mpe ffmpeg orodha ya vipande hivyo (faili la .m3u8) aunganishe mwenyewe. Kubadilisha tu jina la faili kutoka .mp4 kuwa .mp3 si kutoa sauti, na hilo sitalieleza zaidi.

Kuna dalili moja isiyodanganya. Kunakili sauti ya saa nzima huchukua sekunde chache, maana hakuna hesabu inayofanyika. Programu yako ikikaa dakika kadhaa inazungusha mstari wa asilimia, inabana upya, hata kama kitufe kimeandikwa "toa sauti".

WAV, yaani sauti isiyobanwa, naitetea, ila kwa sababu tofauti na ile watu wanayoitoa. Haiongezi ubora. Faida yake ni kwamba ukihariri na kuhifadhi mara kumi, hakuna kinachotupwa njiani. Muhadhara ule ungekuwa takriban megabaiti 460, na kwa kazi ya uhariri nazikubali.

Sasa niseme ukweli ambao vitabu huupitia pembeni. Nimejipima bila kuona ni faili lipi linapigwa: AAC ya 128, na MP3 ya 320 iliyotokana nayo. Kwa hotuba ya mtu mmoja nimeshindwa kuzitofautisha, zaidi ya mara moja. Pia kuna vifaa vya zamani visivyoijua Opus, na hapo MP3 ndiyo jibu. Mimi huweka 192 kwa maneno, kwa mazoea tu, sina kanuni ya kuitetea. Ninachokipinga ni mlolongo. Wewe umebana mara moja, mimi nikisafisha nitabana tena, mtandao utakaoipokea utabana tena. Ukihesabu na ile ya mwanzo, msikilizaji anapata mbano wa nne, na hapo tofauti haihitaji masikio ya fundi.

Kunakili nako kuna kikomo chake. Huwezi kukata popote, unakata kwenye mpaka wa fremu, yaani kile kipande kifupi cha sauti ambacho kodeki hukibana kwa pamoja. Fremu ya kawaida ya AAC ni sampuli 1024, takriban milisekunde 21 katika kilohezi 48. Kwa mahojiano hakuna atakayegundua. Kwa muziki unaojirudia utasikia kijipigo pale unapounga, basi hapo fungua kwenye WAV ukate.

Yule bwana nilimwomba video yenyewe. Ilipofika, sauti ilitoka kabla sijaweka vipokea sauti masikioni, na safari hii haikuwa imebanwa mara ya pili.